Gari Lisilo na Hendeli

Umoja, Nairobi
Jumapili jioni

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama, na yeyote aliyeketi karibu nanyi wakati bahasha hii inafunguliwa, maana najua barua yangu haifunguliwi hapo nyumbani watu wakiwa wawili tu. Natumaini goti lako limetulia na ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi huku tu wazima. Mwende yuko na nguvu zake na cherehani yake haipumziki. Syombua amepandishwa darasa la tatu na ameng'oka meno mawili ya mbele, na alitaka nyanya yake, ambaye wanaitwa jina moja, aambiwe hivyo kabla ya habari nyingine yoyote. Kwa hiyo nimeanza na hilo.

Ukiona mwandiko umepinda, usidhani naandika nikiwa ndani ya basi. Mkono wangu wa kulia ulivunjika, na plasta iliondolewa Ijumaa iliyopita. Sikuwaambia kwa sababu nilijua Mama angepanda gari usiku huo huo aje kunitazama. Sasa nitaeleza, na nitajaribu kueleza kwa mpangilio, kwa kuwa habari ya mkono ndiyo habari ya landrova, na habari ya landrova ndiyo uliyoingoja miezi hii yote.

Nianze na lililo zito ili usilitafute kwenye kurasa za mbele. Baba, nimebadilisha injini.

Najua uliniambia nisibadilishe. Ndiyo maana nimetanguliza barua kwa dereva wa basi ikufikie Jumatano, na gari lenyewe litafika Jumamosi. Nimeona siku tatu zitakutosha kukasirika, na mimi nikifika tutakunywa chai kama watu.

Lakini kabla hujaendelea, nina ombi. Kila barua yangu huwa unamsomea Mama kwa sauti, kwa vile yeye hakupelekwa shule. Hii nayo msomee. Najua ukifika mahali usipopapenda huwa unakohoa kidogo na kuruka mistari miwili mitatu. Mama pia anajua. Aliniambia mwenyewe tukicheka jikoni. Safari hii usikohoe.

Sikukuasi tangu mwanzo, na hilo nataka uliamini. Uliniletea gari mwenyewe, likitoa moshi wa buluu kutoka Matuu hadi hapa mlangoni kwangu. Ulilizima, ukashuka, ukapangusa boneti kwa kofia yako, ukasema, "Kyalo, injini hii usiitoe ukaweka nyingine. Itengeneze hii hii." Nikakuuliza kwa nini, maana siku hizi mji umejaa injini za mtumba kutoka Japani, nzuri, zilizotumika kidogo. Ukanijibu kwamba injini hizo hazina mahali pa kuingiza hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono, na gari lisilo na hendeli ni gari la kuomba watu. Betri ikidhoofika porini, mwenyewe anasimama kando ya barabara kupungia kila anayepita. "Mimi sijawahi kuomba mtu aniwashie gari," ulisema. Nilikubali kwa moyo mweupe, kwa sababu tangu nipate akili sijawahi kuliona gari lile likisukumwa. Stata ilikufa zamani, nikiwa bado natembea na kaptula, na kila siku ya Mungu gari liliwaka kwa hendeli, likashuka kisimani na mapipa, likapanda na maji ya mlima mzima.

Basi nilifanya ulivyosema. Kila jioni nikitoka kiwandani, na kila Jumapili baada ya kanisa, nilikuwa chini ya gari. Umoja ya siku hizi si ile uliyoiona mara ya kwanza. Kila mtu anajenga vyumba vya kupangisha mbele ya nyumba yake, nafasi imekwisha, na landrova ilichukua uwanja wote hata kamba ya kuanikia nguo ikabidi ifungwe kwenye kioo chake. Jirani yangu Wekesa, yule Mbukusu mchomeleaji uliyekula naye samaki, alinisaidia sana. Tulibadilisha ringi, tukasaga valvu, tukaweka beringi mpya. Ilichukua karibu miezi miwili. Nilipomaliza niliitazama nikajisifu, nami huwa sijisifu ovyo.

Ikaja Jumamosi moja alasiri ya kuiwasha. Nilichukua hendeli chini ya kiti, nikaipitisha kwenye tundu la bampa, nikaisukuma mpaka ikashika. Halafu nikafanya jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Niliingia ndani, nikaketi penye usukani, nikaweka mguu kwenye mafuta, nikamwita Mwende aje azungushe.

Alikuwa anafua. Akaja mikono imejaa povu, akaitazama hendeli, kisha akanitazama mimi.

"Baba Syombua, unataka nifanye nini hapo?"

"Zungusha. Mara moja tu, kwa nguvu, ukivuta juu."

"Na wewe umekaa huko unafanya nini?"

"Nakanyaga mafuta."

"Kwani kukanyaga ni ya mwanaume na kuzungusha ni ya bibi? Hiyo mlisomea wapi?"

"Hii gari ndivyo huwashwa, Mwende. Usinicheleweshe."

"Basi leo itawashwa vingine. Toka huko. Kukanyaga mimi nakanyaga cherehani kutoka asubuhi mpaka jioni, haijawahi kunishinda."

Wekesa alikuwa juu ya ukuta wake akipaka simiti, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Ndugu yangu, toka tu," akasema. "Hiyo kesi umeshindwa." Niliona haya mbele ya majirani, nikatoka. Mwende akapanda, akavua viatu, akaweka mguu.

Nikashika hendeli kwa mkono wa kulia, gumba nimelizungusha juu ya vidole kama mtu aliyeshika jembe, nikavuta. Taimingi ya cheche nilikuwa nimeiweka mbele kidogo, na kosa hilo ni langu, si la injini. Ilishika mapema, ikarudi nyuma, na hendeli ikarudi nayo. Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia mlio mdogo tu, na Mwende akiniuliza kutoka ndani, "Imewaka?"

Wekesa alinipeleka kliniki nikiwa nimefungwa mkono kwa leso ya Mwende. Tulimkuta tabibu mzee, mtu wa miwani minene, aliyeushika mkono wangu akaugeuza taratibu. Hakuuliza nimeangukaje. Aliuliza, "Ulikuwa unawasha gari kwa hendeli?"

Nikamwuliza amejuaje.

"Huu mfupa wa upande wa gumba, hapa juu ya kiganja, unavunjika hivi kwa hendeli ikirudi nyuma. Zamani nikianza kazi nilikuwa nauona sana. Madereva na matanboi wao. Siku hizi nilikuwa hata nimeusahau." Akautazama tena kama mtu aliyekutana na rafiki wa ujana. "Wewe hiyo gari umetoa wapi?"

Nikamwambia ni ya baba yangu.

Baba, niliketi kwenye benchi nikingoja kufungwa plasta, nikawa nautazama mkono. Ulikuwa umepinda kuelekea upande wa gumba, na kifundo kimetokeza mahali pasipo pake. Nikajua nimeuona mkono ule. Nimeuona kila siku ya utoto wangu, ukikoroga ugali, ukisuka kiondo, ukinifunga vifungo vya shati la shule. Mkono wa kulia wa Mama umepinda pale pale, kwa upande ule ule.

Sisi watoto tuliambiwa aliteleza mtoni na mtungi. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nakumbuka vizuri majira yale kwa sababu Nyanya alikuja kutupikia na ugali wake ulikuwa na madonge. Mama alikuwa amefungwa mkono kwa vijiti na vitambaa, akipepeta mahindi kwa mkono mmoja. Na gari lilisimama. Lilisimama karibu na zizi mpaka majani yakaota kwenye magurudumu, na tukikuuliza ulisema hakuna petroli. Ulikwenda sokoni kwa miguu na ukarudi kwa miguu. Kisha Mama akafunguliwa mkono, na wiki hiyo hiyo petroli ikapatikana.

Nilipokumbuka hayo nilikasirika, sitakuficha. Nilikasirika pale kwenye benchi mpaka Wekesa akadhani ni maumivu, akaenda kunitafutia dawa. Nilikuwa nakuwaza wewe uko ndani, umekaa kwenye kiti, na Mama yuko nje kwenye umande ameshika hendeli, miaka yote ile. Ulikuwa ukisema mguu kwenye mafuta unahitaji dereva, lakini mkono kwenye hendeli unahitaji nguvu tu. Tuliposikia hivyo tukiwa watoto tuliona ni sifa kwa Mama, kwamba ana nguvu.

Halafu nikakumbuka jambo jingine. Unakumbuka kila asubuhi, kabla Mama hajavuta, ulikuwa ukitoa kichwa dirishani na kusema, "Gumba, Mama Kyalo"? Naye anajibu, "Nimeliweka." Ndipo anavuta. Mimi na dada yangu Mumbua tulidhani ni salamu yenu ya asubuhi. Tulikuwa tukiigiza nyuma ya ghala, mimi dereva, yeye mwenye hendeli. "Gumba, Mama Kyalo." "Nimeliweka." Hatukujua maana yake ni kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikirudi iteleze mkononi bila kuuvunja. Mtu mzima mimi, fundi, nimelisikia neno hilo kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na siku yangu ilipofika nikashika hendeli kama jembe.

Nadhani hukuwa ukilisema kabla Mama hajaumia. Nadhani ulianza baada ya pale, na sikumbuki asubuhi hata moja uliyolisahau, hata zile mlizokuwa mmenuniana, ambapo hilo ndilo lilikuwa neno pekee kati yenu hadi saa sita. Labda ndiyo namna uliyoipata ya kumwambia pole. Kama nimekosea, Mama atasema. Yuko hapo anasikiliza. Nilipofika hapo kwenye mawazo yangu, hasira ilipungua. Haikuisha.

Wala sina pa kusimama nikuhukumu. Nilimwita Mwende. Hakuna aliyenifundisha kumwita, mguu ulikwenda wenyewe kwenye mafuta na mdomo ukafunguka wenyewe ukaita mke. Kama si ubishi wake, mfupa uliovunjika ungekuwa wake, cherehani ingenyamaza, na sijui kama nami nisingemwambia Syombua kwamba mama yake aliteleza kwenye povu la sabuni. Nimeuuliza moyo wangu jambo hilo mara nyingi, na jibu linalokuja halinipendezi.

Lakini hili lazima niliseme, na ndilo nililokuombea usikohoe. Ulisema hujawahi kuomba mtu akuwashie gari. Baba, umeomba kila asubuhi kwa karibu miaka thelathini. Ni vile tu uliyemwomba alikuwa Mama, ukaona haihesabiki.

Jioni ile nilimweleza Mwende yote. Alikuwa ananimenyea chungwa kwa kuwa sikuweza. Akanipa kipande, akasema, "Hayo ni yako na baba yako, mimi siingilii. Lakini tukienda Krismasi, Mama alikuwa anashika kikombe cha chai na mikono miwili. Wewe hukuona?" Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni baridi.

Asubuhi yake nikaamua kuitoa injini.

Nyingine niliipata Shauri Moyo, kwa watu wanaouza vipuri kando ya Gikomba. Ni ya dizeli, ya Kijapani, imetoka kwenye pikapu iliyogongwa nyuma, kwa hiyo mbele iko salama kabisa. Mabati ya nyumba yangu hapo nyumbani itabidi yangoje mwaka mwingine. Usimwambie Mumbua, aliniambia nikija huko nitalala kwa shemeji mpaka nizeeke na nisingependa aonekane nabii. Karatasi moja ya maandishi ya Kijapani bado imebandikwa juu ya injini. Wekesa huisoma kila akipita, kwa sauti ya mchungaji, na mimi hujibu amina.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Injini ya Mjapani haiingii kwenye giaboksi yako ya Mngereza; matundu ya boliti hayalingani hata moja. Ilibidi tupeleke vipimo kwa fundi wa mashine ya kukata chuma kule Shauri Moyo, kijana mwembamba mwenye dharau nyingi na mikono ya dhahabu, atutengenezee sahani ya chuma ya kuunganisha hizo mbili. Akaigeuzageuza karatasi ya vipimo vyetu, akasema, "Buda, hawa wawili hawajawahi patana. Mmoja anaongea Kizungu, mwingine Kijapani. Mi' ndo nawatengenezea mkalimani." Mkalimani wa kwanza alikuwa mbaya. Tulifunga kila kitu, injini ikawaka, na gari zima likatetemeka mpaka taa za mbele zikawa zinapepesa na kile kipande cha ukuta Wekesa alichokuwa amekipaka asubuhi kikadondoka. Sahani ilikuwa imekosea kwa unene wa unywele. Tukashusha tena, tukarudi, yule kijana akaipima, akakata nyingine bila kuongea sana. Hiyo ndiyo ipo sasa.

Kunyanyua injini tulitumia boriti za chuma za chumba kipya cha Wekesa, kabla hajamwaga zege. Mke wake alitupa siku mbili tu, zikawa tisa. Chini, karai la mafuta la injini liligusa ekseli ya mbele, ikabidi tuinue injini kidogo, na sasa boneti imekaa juu kwa vidole viwili. Gurudumu la akiba tumelihamishia nyuma. Mimi wakati wote huo nilikuwa na mkono mmoja wenye plasta, kazi yangu ikiwa kushika tochi na kutoa amri, na Mwende anasema kazi hiyo ndiyo niliyoumbiwa.

Siku tulipomaliza sikuweza kugeuza ufunguo kwa mkono ule, hivyo akaketi Mwende. Gari liliwaka kabla hajafika mwisho wa kugeuza. Alilizima, akaliwasha tena. Akalizima, akaliwasha. Mara nne, bila sababu yoyote, huku anatazama mbele tu. Sikumkataza.

Sasa sikiliza mambo ya kazi, maana hapa ndipo utakapopenda. Injini hii inakunywa dizeli, sio petroli. Nimeandika DIZELI kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko cha tangi, pande zote mbili, lakini hata hivyo mwambie kila anayekujazia. Asubuhi, geuza ufunguo nusu, utaona taa ndogo ya rangi ya chungwa. Ngoja izime, ndipo ugeuze mpaka mwisho. Usikanyage mafuta wakati wa kuwasha. Haihitaji, na najua mguu wako utataka. Betri ni mpya. Kwa ile hofu yako ya porini, na siipuuzi kwa sababu ni hofu ya kweli, uwe unaegesha gari likitazama mteremko, na hapo kwetu mteremko hatujaukosa. Ukiliachilia likashuka kidogo na kuingiza gia ya pili, litawaka bila betri na bila mtu. Nimelijaribu mara tatu kwenye mteremko mmoja huku, nikiwa na Wekesa. Namba mpya ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa hiyo askari wakikusimamisha usiwe na wasiwasi. Mlio wake ni mwingine. Watu wa mlimani hawatajua ni wewe mpaka wakuone, na mbwa atakubwekea siku mbili tatu.

Injini ya zamani sijaiuza. Iko hapa uani, nimeifunika turubai, na ni nzima. Baada ya mkono wangu kuvunjika tulisahihisha taimingi na Wekesa akaiwasha kwa mvuto mmoja, gumba limekaa upande wake. Sitaki useme nimekunyang'anya kitu chako. Gari ni lako, na mlima unangoja maji yake, na wewe ndiwe utakayeliendesha. Ukilijaribu hili na moyo wako ukakataa, nitairudisha ile boliti kwa boliti, kwa gharama yangu, wala sitanung'unika. Nitaomba kitu kimoja tu: hendeli uzungushe wewe, na Mama ndiye akanyage mafuta. Ukikubali hilo, nitumie neno, nami nitaanza kazi siku hiyo hiyo.

Jumamosi tutaondoka huku alfajiri. Wekesa ndiye atakayeshika usukani kwa sababu tabibu amenikataza kuendesha kwa mwezi mmoja. Hajawahi kufika kwetu na anasema amesikia tuna asali. Mtengee.

Nisalimie Mumbua na watoto wake wa nasari, umwambie ule mchezo wetu wa nyuma ya ghala nitamweleza maana yake ana kwa ana. Nisalimie Mjomba Nzioka, na kama bado anakata magogo ya kuchonga bila kuvaa viatu, mwambie nimemletea jozi ya buti kutoka Gikomba. Shangazi Kalunde wa vikapu naye msalimie, na mzee wa kanisa aliyekuwa akiniuliza kila Krismasi kama Nairobi nimepata cheo. Mwambie sasa nashika tochi. Mwende anakusalimu kwa heshima na kumwambia Mama kwamba ile gauni ya kitambaa cha buluu imekwisha kushonwa, mkono wa kulia ameuacha mpana.

Hendeli naileta. Iko mahali pake chini ya kiti, nimeizungushia gunia. Haiingii popote kwenye injini hii, na sikuona ni haki yangu kuitupa. Ni ya Mama. Aamue mwenyewe kama ataifungia mbuzi au ataitumbukiza chooni.

Na Jumamosi, kabla ya watu kujaa uani kutazama, naomba hili. Mama ameliwasha gari lile siku nyingi kuliko sisi wote, na hajawahi hata mara moja kuwa ndani yake likiwashwa. Alikuwa akiisha kuliwasha, anarudisha hendeli chini ya kiti, anajipangusa mikono, ndipo anapanda, nawe umeshaingiza gia. Safari hii mfungulie mlango wa mbele aketi kwanza. Asifanye kazi yoyote. Ngoja atengeneze leso yake, ngoja na ile taa ndogo izime. Halafu ndipo ugeuze ufunguo.

Ni mimi mwanao,

Kyalo